Siku Kathure Alipopatikana na Monologi

Gacheri aliuza miraa Bulla Pesa, mtaa wa mji wa Isiolo, kwenye kona ambapo njia ya vumbi inaingia kwenye lami, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Sisemi alikuwa mmbeya. Mmbeya anahitaji mtu wa kumpelekea maneno. Gacheri hakuhitaji mtu. Aliongea na jua lilipomfikia miguuni, akaliuliza limetumwa na nani. Aliongea na vibunda vyake chini ya majani ya mgomba, akivisihi visinyauke mapema kama vitu visivyolelewa. Aliongea na mbuzi wa jirani, na kandambili iliyokatika ukanda, na mheshimiwa wa wadi ambaye hakuwa amekanyaga mtaa ule tangu achaguliwe. Wateja walipita katikati ya maneno hayo kama mtu anavyopita kwenye manyunyu: unainamisha kichwa kidogo, unanunua, unaenda zako.

Mumewe, Kiugu, alikuwa dereva wa lori la mizigo. Alipeleka unga na sukari Sericho, akarudi na mbuzi wa kuuzwa sokoni Isiolo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na neno likimtoka ungedhani limesafirishwa kutoka mbali. Watu walimtania kwamba alichagua barabara ndefu ili apumzishe masikio. Ukimuuliza kama ni kweli, alijibu, "Hapana," na mazungumzo yakaishia hapo.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Kathure, msichana wa kidato cha pili katika shule ya bweni iliyo nje kidogo ya mji.

Alhamisi moja mchana, Gacheri akiwa anamsuta nzi mmoja kwa utundu wake, simu ikalia.

"Mama Kathure? Ni Madam Gladys hapa, mwalimu wa Kathure."

"Madam! Kathure amefanya nini?"

"Hajafanya kitu kibaya, mama, usiogope. Nilitaka tu ujue. Kathure ako na monologi."

"Ako na nini?"

"Monologi. Tuliigundua muhula uliopita, tukadhani ni kitu kidogo. Lakini sasa imekomaa. Analala nayo, anaamka nayo. Juzi ilimtoa machozi."

Wakati huo huo gari la miraa kutoka milimani likaingia kwa kasi yake ya kawaida, honi ikilia kama harusi, na wanawake wote wa kona wakalikimbilia. Gacheri alikandamiza simu sikioni. Alishika vipande tu. "...kesho asubuhi... hapana, wenzake hatujawaweka naye, hii ni ya mtu mmoja... itamtoka mbele ya watu wote... mzazi akiwepo inasaidia sana..." Kisha simu ikakatika. Alipopiga tena, akaambiwa na yule mama wa kwenye simu kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena. Yule mama hakubadilisha msimamo.

Gunia lake la miraa likatupwa miguuni pake. Lilikuwa limelowa upande mmoja, jambo ambalo siku nyingine lingemletea dereva hotuba ya kumfuata hadi Moyale. Gacheri alilitazama tu. Hakusema kitu.

Pembeni yake alikaa Hamdia, Mborana aliyeuza maziwa ya ngamia, jirani yake wa biashara tangu zamani. Hamdia alikuwa anamimina maziwa, akasita katikati ya kumimina. Mwanzoni alidhani ni masikio yake yameziba. Akayasafisha kwa kidole. Bado kimya.

"Mama Kathure," akasema polepole, "nani amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umenyamaza?"

"Kathure ako na monologi."

"Subhanallah!" Hamdia akaweka mtungi chini. Akafikiri kidogo. "Ni ya kifua ama ni ya tumbo?"

"Sijui. Madam anasema imekomaa."

Habari haikuhitaji kusambazwa; kimya cha Gacheri chenyewe kiliita watu. Wateja walisimama. Lokorio, kijana wa Kiturkana aliyeegesha boda yake pale kila siku, akazima injini na kuja kusikiliza.

"Mono ni moja," Lokorio akasema, kwa sababu alifika kidato cha tatu. "Kwa hiyo hiyo kitu inashika upande mmoja. Mkono moja, mguu moja."

"Madam alisema ni ya mtu mmoja," Gacheri akanong'ona.

"Si ndiyo hiyo! Haiambukizi. Shukuru Mungu."

Mteja mmoja mwenye kilemba, aliyewahi kuuza dawa za mifugo huko Sericho, hakukubaliana naye. Alisema monologi anaijua vizuri, inashika ngamia. Ngamia mwenye monologi hujitenga na wenzake, husimama peke yake juu ya kilima, na hupiga kelele bila kuangalia mtu. Dawa yake ni kumchoma kwa chuma cha moto chini ya sikio.

"Hakuna mtu atachoma mtoto wangu!" Gacheri akasema. Watu wakapumua, maana sauti yake ilikuwa imerudi. Lakini ilikuwa imerudi kwa sentensi moja tu.

Akampigia Kiugu. Ni bahati Kiugu alikuwa amesimamisha lori mahali palipo na mtandao, njiani akirudi.

"Baba Kathure, mtoto ako na monologi."

Upepo ulivuma kwenye simu. Mbuzi wakalia.

"Kubwa?" Kiugu akauliza.

"Imekomaa. Kesho asubuhi tunaitwa shuleni."

"Nakuja."

Jioni ile kina mama wa kanisa walikuja nyumbani kwa Gacheri kuomba. Kiongozi wao alipofika mahali pa kutaja ugonjwa aliogopa kuukosea jina, akaomba Mungu aondoe "ile kitu unayoijua mwenyewe, Baba, na kama kuna ndugu zake, uwaondoe pia." Hamdia naye aliswali kwake na kuahidi kutoa sadaka. Hata Lokorio, ambaye hakuonekana sana kanisani wala popote pengine isipokuwa juu ya pikipiki, alisema asubuhi atawapeleka bure.

Ijumaa mapema boda ilitoka Bulla Pesa imebeba Lokorio mbele, Gacheri katikati, na Hamdia nyuma akiwa ameshika mtungi wa maziwa ya ngamia, ambayo yanajulikana kutibu karibu kila kitu. Gacheri alikumbatia blanketi, chupa ya uji wa wimbi, na sufuria ndogo ya supu iliyofungwa kwa leso. Katika safari yote alisema neno moja tu, "Matuta," na hilo pia alilisema baada ya supu kumwagikia mgongo wa Lokorio.

Langoni mwa shule walimkuta bawabu amevaa tai, jambo lililomwogopesha Gacheri zaidi.

"Mmekuja monologi?" bawabu akauliza.

"Ndiyo," Gacheri akajibu kwa sauti ndogo.

"Ingieni ukumbini. Wa kwanza ameshamalizwa."

"Ameshamalizwa?"

"Eeh, dakika chache tu. Hawa majaji wa leo hawana mchezo."

Hamdia akamshika rafiki yake kiwiko. Wakapita kando ya ukuta wa ukumbi, na hapo ndipo walipoona jambo ambalo Hamdia hulisimulia mpaka leo akiwa ameshika kifua. Wanafunzi walikuwa wamesimama kandokando ya ukuta, wavulana kwa wasichana, wa sare za kila rangi, kutoka shule nyingi. Kila mmoja alikuwa ameutazama ukuta. Kila mmoja alikuwa anaongea peke yake. Mmoja alijipiga kifua na kumlilia marehemu asiyeonekana. Mwingine aliinua mikono akamwambia dari ya kibaraza, "Nimekukosea nini, ewe dunia?" Msichana mdogo mwenye miwani alicheka sana, akanyamaza ghafla, halafu akaanza kucheka upya kwa namna ile ile.

"Wallahi," Hamdia akasema, akivuta mtandio kufunika pua, "ni wote. Imeingia kaunti nzima."

Lokorio alitazama mara moja. "Mimi nitangojea hapa nje na pikipiki," akasema, akarudi nyuma kinyumenyume hadi langoni.

Ndani ya ukumbi watu walikuwa wamejaa, na walikuwa wanacheka. Gacheri akasukumana hadi mbele. Jukwaani, peke yake kabisa, alikuwa Kathure. Amefungwa leso kiunoni na nyingine kichwani. Amekaa juu ya gunia. Mbele yake kulikuwa na majani ya mgomba, na alikuwa anayakemea.

"Nyinyi miraa, msininyaukie! Nimewafunika vizuri kuliko watoto wa watu wengine. Na wewe jua, leo umekosana na nani hata unishukie mimi? Nenda ukamulike mahakamani, kuna watu huko wanajificha!"

Watu wakaangua kicheko. Gacheri hakucheka. Mtu hajui sauti yake mwenyewe inavyosikika nje, na yeye hakutambua lolote. Aliona tu mtoto wake wa pekee akiongea na majani, na watu wazima wameketi kwenye viti wakimcheka, na mbele yao mzee mwenye miwani akiandika.

"Mume wangu naye," Kathure akaendelea, akijifuta jasho kwa ncha ya leso, "nikimuuliza, umekula? Anasema, ndiyo. Umekula nini? Anasema, chakula." Akauinua uso wake mdogo kuelekea juu, machozi yakimlengalenga, na ukumbi ukatulia. "Sasa niambieni. Kwani mimi naongea na nani hapa?"

"Na mimi, mwari wakwa, mwanangu!" Gacheri akapaza sauti. "Unaongea na mimi! Niko hapa!"

Kabla mtu hajamzuia alikuwa amepanda jukwaani na kumfunika mtoto blanketi mpaka kichwani.

Kathure alikuwa amefundishwa kwamba lolote litokee, hata umeme upotee, hata paa lianguke, mwigizaji haachi kuigiza. Akachomoa kichwa kwenye blanketi, akamtazama mama yake, na kwa sauti ya yule mwanamke wa jukwaani akauliza, "Wewe mama ni mteja? Unataka ya ngapi?"

"Hata hanijui!" Gacheri akalia, akiugeukia ukumbi. "Jamani, mtoto wangu hanijui!"

Ukumbi ulipasuka. Watu waliinuka vitini. Hamdia, akiwa chini ya jukwaa, alikuwa anasoma dua kwa sauti na kupitisha mtungi wa maziwa juu ya vichwa vya watu. "Mnyweshe! Mnyweshe kabla haijapanda!" Gacheri akamnywesha. Kathure akanywa, maana alikuwa na kiu kwa kweli, kisha akanong'ona kwa meno yaliyofungwa, "Mami, toka. Nakuomba, Mami, toka."

Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka, Kiugu akaingia. Hakuwa amepitia nyumbani. Nguo zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi, na nyuma yake, kupitia mlango ule ulioachwa wazi, zilisikika sauti za mbuzi lori zima wakiuliza wamefika wapi. Alitembea moja kwa moja katikati ya watu. Akasimama chini ya jukwaa.

"Kathure."

"Baba?"

"Inauma wapi?"

Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama. Mzee mwenye miwani akagonga kengele mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mzee huyo aliitwa Kiambi, mwalimu mstaafu aliyekuja kuwa jaji mkuu. Alingoja ukumbi utulie, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Nimesikiliza monologi kwa miaka mingi," akasema. "Kanuni yake ni mtu mmoja. Mmoja! Mimi hapa nimehesabu wanne, na mbuzi. Hiki kimekuwa kikao cha ukoo. Kwa masikitiko, mshiriki huyu ameondolewa."

Kathure akaanza kulia, na safari hii hakuwa anaigiza.

Madam Gladys, msichana mwembamba aliyekuwa na kazi ya ualimu mwaka wa pili tu, aliwatoa nje haraka na kuwakalisha chini ya kivuli cha lori. Alikuwa ameuma midomo kwa nguvu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama Kathure," akasema alipopata pumzi, "monologi si ugonjwa."

"Ni nini basi?"

"Ni mchezo wa kuigiza. Mtu mmoja anasimama, anaongea peke yake kwa muda mrefu, hakuna mtu wa kumjibu, wengine wanasikiliza. Ni hivyo tu. Hata mtu akienda mkutanoni aongee bila kuwapa wengine nafasi, tunasema ametupiga monologi. Kwa Kiswahili cha vitabu tunaita uzungumzi nafsia."

"Nafsia!" Hamdia akasema. "Hilo jina ndilo baya zaidi."

Gacheri alikaa akiwa ameshika chupa ya uji mapajani. "Mtu mmoja anaongea, hakuna wa kumjibu," akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo mnashindania?"

"Mpaka Nairobi."

Kiugu alikohoa. Alimtazama mke wake, akaitazama milima, akasema, "Mama Kathure angekuwa Nairobi."

Ndipo Gacheri akaelewa. Ilimpanda polepole kutoka kifuani hadi usoni: yale majani, lile gunia, lile jua lililoambiwa liende mahakamani, na mume wa kujibu "chakula." Akamgeukia Kathure, aliyekuwa ameketi kwenye tairi akijipangusa kwa kona ya blanketi.

"Yule alikuwa mimi?"

Kathure akatikisa kichwa kukubali.

"Watu wote wale walikuwa wananicheka mimi?"

"Hawakuwa wanakucheka vibaya, Mami. Walikuwa wanakupenda."

"Uliyatoa wapi hayo maneno yangu yote?"

"Si nilikuwa hapo," Kathure akasema. "Tangu nikiwa mgongoni. Nilikuwa nadhani unaongea na mimi."

Gacheri akafungua chupa, akammiminia mtoto uji.

Kathure alikunywa nusu, kisha akasema kwa uchungu kwamba kilichomuuma si kuondolewa bali ni kwamba hakufika mwisho, na mwisho ndio aliouhangaikia zaidi. Madam Gladys akarudi ukumbini. Aliongea na Mzee Kiambi nini hatujui, lakini mashindano yalipofungwa na vyeti kugawiwa, mzee alisimama akatangaza kwamba kuna msichana ambaye hana alama hapa na hatapata, ila ana maneno yaliyobaki, na anayetaka kuyasikia akae. Hakuna aliyetoka. Hata Lokorio aliingia, baada ya kuhakikishiwa mara mbili.

Gacheri aliketi mstari wa mbele. Hamdia alimshika mkono mmoja, Kiugu mwingine; wote wawili walikuwa wameelewana bila kusema kwamba asiachiwe. Mara tatu alivuta pumzi ya kujibu, na mara tatu wakambana vidole.

Kathure alikaa juu ya gunia lake. Safari hii hakukemea kitu. Alipanga majani taratibu.

"Watu wanasema nina maneno mengi," akasema. "Ni kweli. Lakini wao hawajawahi kukaa hapa wakanyamaza. Ukinyamaza unasikia barabara. Unasikia malori yote, isipokuwa lile moja. Ikinyesha huko chini, unasikia maji ya korongo la laga ambayo hata hayako hapa. Unasikia mtu akisema, kuna gari limeanguka, na hasemi ni la nani. Sasa mimi naongea. Naliambia jua, naiambia miraa. Nikiwa naongea, lori linakuja. Sijawahi kunyamaza likafika."

Akainamisha kichwa, na hapo ndipo mwisho wake ulikuwa. Mzee Kiambi alivua miwani tena, na hakuonekana kuwa anaifuta.

Maneno hayo Gacheri hakuwahi kumwambia mtu. Hakuwa amejiambia hata mwenyewe.

Mbuzi walitakiwa kufika sokoni kabla wanunuzi hawajatawanyika, kwa hiyo waliaga haraka. Kathure alibaki shuleni na blanketi. Hamdia alirudi na Lokorio. Gacheri alipanda mbele kwenye lori na mumewe, wakaingia lami.

"Ile ya lori," Kiugu akasema. "Ni kweli?"

"Ni maneno ya mtoto."

Kiugu akabadilisha gia. Wakapita pikipiki tatu na punda mmoja.

"Ni kweli," Gacheri akasema.

Wakakaribia soko. Kisha Kiugu, akiangalia barabara, akaanza. Alisema tairi ya nyuma ilipasuka Jumanne, mahali pasipo na kivuli, na mzee mmoja akampa maziwa. Alisema kuna daraja dogo analipita kwa miguu kwanza, kila safari, kulipima. Alisema mvua ikinyesha hajaribu kuvuka, analala, na mtandao huwa hauko, na huwa anafikiria kwamba mke wake yuko kwenye kona anaongea, na akifikiria hivyo anapata usingizi. Ilikuwa ni hotuba. Gacheri alimsikiliza mdomo wazi, na mara mbili tu ndipo alipomkatiza, kuuliza yule mzee wa maziwa ni wa ukoo gani na kwa nini hakumbebea sukari.

Mwaka uliofuata Kathure alikwenda na monologi nyingine, ya bibi harusi aliyefungiwa chumbani na ufunguo umepotea. Akafika mkoani, akashika nafasi ya tatu. Gacheri alihudhuria akiwa na leso mdomoni, ameifunga mwenyewe kwa hiari.

Ama lile neno, halikutoka tena Bulla Pesa, na halikukubali kuacha kuwa ugonjwa. Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa maji. Mwenyekiti alisimama asubuhi, na kivuli cha hema kikahama, na bado alikuwa kwenye utangulizi. Hamdia akainuka, akaweka mtungi wake wa maziwa mezani mbele ya mwenyekiti, akamjazia kikombe.

"Kunywa, Mwenyekiti," akamwambia kwa huruma. "Sisi tunaona imekushika."